Vitambaa Vilivyonuka Ndoa

Kambo yangu hakuamini kwamba nguo imefuliwa mpaka ipite juu ya moshi. Maji na sabuni, kwake yeye, ilikuwa nusu ya kazi. Nguo ikishakauka aliitandaza juu ya tenga, chini yake akasukuma chetezo chenye makaa mawili na kipande cha udi kisichozidi ukucha, halafu akakaa kando na kuangalia kwa makini kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Kambo, kwetu Lubumbashi, ndiyo bibi au nyanya, na huyu ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki, katika nyumba ya vyumba viwili upande wa Naviundu.

Ukoo wake ulitoka Maniema, Waislamu wa tangu zamani, na kazi yake mjini ilikuwa kuandaa mabibi arusi. Hakuna binti wa jamaa zetu aliyeolewa bila kusimamishwa juu ya chetezo chake, amejifunika shuka, moshi ukipanda kutoka miguuni. "Mwanamuke ananukiaka mbele ya kusema," alikuwa akiwaambia. "Mwanaume anasikia harufu, kisha njo anasikia maneno." Na kama ndoa yenyewe aliiona mbovu tangu mwanzo, alifanya kazi yake bila kuimba, na jioni akirudi nyumbani alisema tu: la kuvunda halina ubani.

Mimi nilifundishwa kunusa jinsi watoto wengine wanavyofundishwa kuhesabu. Nikiwa na miaka saba alinifunga macho kwa kitambaa na kunipitishia vitu puani: udi wa zamani, udi wa juzi, ubani, liwa, karafuu. Nikikosea alinipiga kofi dogo begani. Nilikosea mara chache. Pua hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na pua hiyo hiyo ikanitia hofu ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku za vita.

Ilikuwa enzi ya chama kimoja, tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, mbele za watu, na wanawake tulikatazwa kuvaa suruali. Nilikuwa nimemaliza miaka minne ya sekondari na kukaa nyumbani miaka miwili mingine nikitwanga karanga na hasira. Mwishowe nikapata kibarua cha kufagia kwenye maabara ya wanyama, chuo kikuu. Mkubwa wa maabara alikuwa profesa mmoja wa Kasai, mtu wa kanisa, mrefu, abacost yake, lile koti la enzi ile lisilo na tai, imepauka mabegani. Alikuwa anachunguza popo. Na pua yake ilikuwa imekufa. Miaka ishirini ya kuinama juu ya chupa za formoli, ile dawa kali ya kuhifadhia wanyama waliokufa, ilimwondolea harufu zote, nzuri na mbaya. Siku upepo ukitoka upande wa bomba kubwa la moshi la kampuni ya shaba, sisi sote tunakohoa na kuziba uso, yeye alikuwa anafungua madirisha apate hewa.

Siku moja, nikipangusa meza yake, nilimwambia kwamba pamba mbili za kupangusia mafuta ya popo, zilizo ndani ya chupa moja, zimetoka kwa wanyama wawili tofauti. Alikuwa ameziandika kama za mnyama mmoja. Akanitazama. Akaenda kwenye daftari, akarudi. "Unajua namna gani?" Nikasema: "Papa prof, minasikia tu. Huyu ananuka kiatu chenye kulowana. Huyu ananuka kiatu na boga." Akaniletea chupa nyingine kumi. Nilikosea moja. Kesho yake ufagio alipewa mtu mwingine, na mimi nikawa, kwa maneno yake, pua ya maabara.

Popo tuliowafanyia kazi ni wale wadogo wa kahawia wanaokaa chini ya mabati, ambao mkia wao unachomoza nje kama wa panya. Tuliwakuta kwenye ghala moja kuukuu katika kambi ya wafanyakazi. Tulienda mchana, wakati jua limewalegeza. Mimi nilipanda ngazi, pagne yangu, kitenge cha kiunoni, nimeipitisha katikati ya miguu na kuifunga kiunoni, wake za wafanyakazi wananitazama kutoka milangoni mwao, na nilitia mkono kwenye ufa ulio kati ya bati na boriti. Huko kila dume alikuwa na kona yake, pamoja na majike matano, sita, hata kumi. Dume unamjua kwa kishungi cha nywele katikati ya masikio. Miezi mingine kimelala, hukioni. Lakini mvua zikikaribia, kinasimama, na chini yake ngozi inatoa mafuta yenye harufu kali. Dume anasugua kichwa kwenye boriti, anawasugua majike yake, anasugua kila kitu. Sikuona aibu kumtazama. Nilikuwa nimekulia katika nyumba ya kazi hiyo hiyo.

Prof alitaka kujua jambo moja tu: je, jike huifuata harufu ile? Alitengeneza sanduku la mbao la urefu wa meza, giza ndani. Ncha moja tulitundika kitambaa ambacho dume alikuwa amelala nacho usiku kucha. Ncha ya pili tulitundika kitambaa kitupu, safi. Jike tulimweka katikati, tukafunga, tukasubiri robo saa, kisha tukafungua kuona ananing'inia wapi. Majike kumi na wawili kila wiki, kisha tunawarudisha kwenye bati lao wakiwa na alama ya rangi ya kucha mguuni, rangi niliyoinunua mwenyewe sokoni.

Sasa, sikilizeni habari ya vitambaa, maana ndipo mambo yote yalipolalia. Kitambaa cha dume tulikikata kwenye jora jipya, kikatumika mara moja, kikafungiwa chupani. Vitambaa vitupu vilikuwa kumi na viwili, na kwa kuwa nguo ilikuwa adimu, vilifuliwa na kurudi. Maji ya maabara yalikuja yalipotaka. Kwa hiyo kila Ijumaa nilivibeba nyumbani kwetu, ambako kulikuwa na kisima. Prof alinipa sheria: hapana sabuni, vichemshwe kwenye sufuria isiyopika chakula, vikaushwe juani. Nilimpa kambo sheria zile zile. Hapana sabuni. "Sawa." Hapana mafuta mukononi. "Sawa." Hapana marashi, hapana maua. "Sawa, mutoto, nimesikia, miye si kiziwi."

Moshi sikuutaja. Haukunijia akilini kabisa.

Jumamosi asubuhi nilivichemsha na kuvianika, halafu nikaenda salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka barabara na kuzibua mifereji, ambayo ukikosa jina lako linasomwa. Nikirudi adhuhuri nilikuta kambo amevianua, amevikunja, amevifunga ndani ya leso yake. Nilimshukuru. Mwaka mzima na nusu nilimshukuru.

Msimu wa pili ulipofika, prof aliniahidi matricule. Hiyo ndiyo namba ya mfanyakazi wa kudumu, na bila hiyo wewe ni kibarua unayeweza kuambiwa usirudi kesho. Kwangu matricule ilikuwa na uzito mwingine. Mjomba wangu aliyekaa Kilwa, kule kwenye ziwa, alikuwa amenitafutia mume: mfanyabiashara wa samaki wakavu, mjane mwenye watoto wanne. Kambo alikuwa amempa mjomba neno la nusu. Akaniambia mimi nusu ya pili: "Ukipata namba yako, nitamutumia mujomba habari aache. Ukikosa, utapanda kamyo, utaenda Kilwa. Miye nazeeka, siwezi kukuacha katikati." Sikuwa na ubaya na watu wa Kilwa. Lakini yule mtu sikuwahi kumwona uso, wala kumsikia sauti, wala harufu. Hata jike la popo tulikuwa tunampa robo saa.

Basi ndipo nikaugua. Malaria ilinishika Ijumaa jioni, nikiwa nimekwisha kuvileta vitambaa nyumbani, na Jumapili ikanilaza hospitali siku tisa. Pale hospitali palinuka dawa ya sakafu na uji, basi. Kambo alikuja kila siku na chakula, na aliniambia nisihangaike na kazi, yeye mwenyewe amefua vitambaa na kuvipeleka hadi mlangoni mwa prof, kwa miguu. Nilimbusu mkono. Siku ya kumi, Jumanne, nilipotolewa asubuhi, sikwenda nyumbani. Miguu ilikuwa inatetemeka, lakini maabara ilikuwa njiani, na kibarua asiyeonekana siku tisa anasahaulika. Nikaingia.

Prof alisimama. Sijawahi kumwona na uso ule. "Mama," akasema, maana tukiwa wawili aliniita mama ingawa ningeweza kuwa binti yake, "kumi na moja juu ya kumi na mbili." Alirudia kwa Kifaransa, kama mtu anayehesabu mara ya pili asiamini. Wiki nyingine zote tulipata majike saba upande wa dume, wakati mwingine nane. Saba ni kitu, nane ni kitu, lakini ni kitu cha kunong'ona. Kumi na moja ni cha kusema mbele za watu. Alikuwa amekwisha kupiga makala yake kwa mashine, kurasa kumi na nne. Mwenzake mmoja alikuwa anasafiri kwenda Ubelgiji Ijumaa, angeibeba. Na ndani ya faili lile lile aliweka fomu yangu ya matricule, iende kwa mkuu wa kitivo kutiwa sahihi siku hiyo hiyo. "Kambo yako njo mama wa maana," akasema. "Alitembea na ile jua yote."

Nikaenda kwenye sanduku la bati tulimotunza vitambaa vitupu. Nikafungua kifuniko.

Udi.

Si kidogo. Ulinipiga usoni kama mlango wa nyumba ya arusi ukifunguliwa. Nilifunga kifuniko. Nilifungua tena, nikitumaini homa inanidanganya. Udi, ule wa kambo, ule mzuri anaoutunza kwa ajili ya mabinti wa jamaa. Nikaelewa papo hapo, nikiwa nimepiga magoti sakafuni na jasho la ugonjwa mgongoni: majike kumi na mmoja hawakulifuata dume. Walikuwa wamekimbia moshi.

"Unasikia nini?" prof akauliza kutoka mezani kwake. Lilikuwa swali lake la kila siku, aliniuliza jinsi watu wengine wanavyouliza kama mvua itanyesha.

"Nasikia dume," nikajibu.

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Ninajua. Niliiona kamyo, lile lori la Kilwa.

Nilirudi nyumbani nikalala bila kula. Kambo alidhani ni mabaki ya homa, akafukiza chumba, akafukiza shuka, akanifukiza mimi. Mimi nilikuwa nawaza: ni wiki moja. Prof hawezi kujua, hana pua. Wanafunzi hawafungui sanduku lile. Watu wa Ubelgiji watasoma namba, namba hazinuki. Halafu nilimwaza yeye akisimama na uso ule wa furaha, nikageukia ukuta.

Jumatano nilifika mapema, nikafungua sanduku. Hakuna kitu. Nilitia kichwa ndani. Nguo, mbao, vumbi. Udi hakuna. Nilifurahi kwa muda wa dakika moja hivi. Nikasema ilikuwa homa, Mungu mkubwa. Kisha furaha ikaganda. Udi haukimbii kutoka kwenye sanduku la bati lililofungwa usiku mmoja. Mimi mwenyewe ndimi niliyefundishwa kwamba udi mzuri unakaa nguoni hadi mwaka.

Nilichukua kitambaa kimoja, nikampelekea sentinelle, mzee aliyelinda lango la kitivo. "Papa, unisikilizie harufu ya hii." Alinusa, akatabasamu. "Inanuka ndoa," akasema. "Ndoa ya ba-Islamu. Nani anaoa?"

Basi pua yangu ndiyo iliyokuwa na shida. Siku tisa hospitali, mbali na nyumba yetu, ilikuwa imesafishika, ikasikia. Usiku mmoja tu kwa kambo, ikaziba tena. Nyumba yetu yote ilikuwa udi, nywele zangu udi, mkate wangu udi, na mtu hasikii harufu ya kwao. Na hapo wazo la pili likanishika shingoni. Nilirudi maabara karibu nakimbia. Kwenye droo kulikuwa na kitambaa kitupu kilichochanika msimu wa kwanza, tulikiweka ndani ya bahasha kama kumbukumbu, miezi kumi na zaidi. Nikampelekea mzee. Alinusa muda mrefu zaidi.

"Hii pia," akasema. "Lakini ndoa ya zamani."

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walijua wanachosema.

Jioni nilimkuta kambo anachambua mboga. Sikukaa chini. "Kambo, ulifukiza bile bitambala?"

"Nilifukiza."

"Wiki ile tu? Ile nilikuwa hospitali?"

Alinitazama kama nimemuuliza kama anasali Ijumaa moja tu kwa mwaka. "Kila wiki. Weye unaenda salongo, miye nafanya yangu. Kidogo tu, kidogo. Ile wiki njo nilitia mingi, juu ulikuwa mugonjwa. Nguo ya mugonjwa inafukizwaka vizuri."

"Nilikuambia hapana marashi."

"Marashi ni ya chupa. Ile ni kufua." Akavunja majani, akatupa mashina. Kisha, bila kuinua uso: "Na bantu banasema."

"Watu banasema nini?"

"Kwa ile arusi ya mwezi wa Shaabani, mwaka ulianza kazi ya popo, ulipita kuleta sahani. Bamama babili balivuta mukeka yabo. Balisema mutoto wangu ananuka popo." Mikono yake ilikuwa imesimama. "Miye, mwenye kunukisha batoto ya bantu bote mu muji. Nifanye nini? Popo siwezi kuikataza, ni kazi yako, unaipenda. Nikasema basi, kile kinatoka ku ile kazi na kuingia ku nyumba yangu, kitatoka na harufu yangu."

Nilikasirika hadi nikataka kucheka. Nilitaka kumwambia: umeharibu miaka miwili ya mtu. Lakini nilimtazama yule bibi, na vidole vyake vyeusi kwa makaa, nikakaa chini nikamsaidia kuchambua. Sikumwambia siku ile. Sikumwambia hata siku moja.

Alhamisi sikumbuki nilifanya nini kazini. Nakumbuka hesabu niliyoipiga kichwani, ikizunguka tu. Kila wiki kitambaa kitupu kilikuwa na moshi wa kambo. Kila wiki majike saba, nane, walikwenda upande wa dume. Je, walilipenda dume, au waliuchukia udi? Hakuna aliyeweza kujua. Wiki moja ikiharibika, unaitoa, kazi inabaki. Misimu miwili ikiharibika, hakuna kazi. Hakuna makala. Hakuna prof wa popo. Na pua ya maabara, ambayo haikuweza kusikia harufu ya nyumbani kwake mwenyewe, nani ataipa matricule? Niliogopa.

Ijumaa nilivaa pagne yangu nzuri, kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Njiani nilijipangia maneno yote. Nitasema yote. Nitasema tangu mwanzo. Niliyarudia hadi mlangoni.

Prof alikuwa anafunga faili kwa kamba. "Papa prof," nikasema, "mbele ufunge, ngoja." Na nikasema. Nilimweleza udi ni nini, maana kwao Kasai hawana desturi hiyo. Nilimweleza tenga na chetezo, na kwamba kwa kambo kufukiza ni kufua. Nilimwambia kwamba vile vitambaa vilifukizwa, kwamba nilisikia Jumanne nikanyamaza, kwamba majike walikuwa wanakimbia moshi. Nilikuwa nalia. Sipendi kulia mbele ya watu, lakini nililia.

Alikaa. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa. Halafu akauliza swali lile lile nililomuuliza kambo.

"Ile wiki tu?"

Maneno yalikuwepo. Nilikuwa nimeyabeba kutoka Naviundu. Yalikuwa mawili tu: kila wiki. Nikayatazama yale maneno, na nyuma yake nikaona kamyo, na nyuma ya kamyo nikaona uso wake yeye, mzee aliyekuwa tayari amepoteza kumi na moja wake asubuhi ile.

"Ile wiki tu," nikasema.

Akapumua. Alichukua rula na kalamu nyekundu, akakata ukurasa wenye hesabu ya wiki ile kwa mstari ulionyooka, pembe hadi pembe. Akavuta mashine, akaweka karatasi mpya, akapiga upya kurasa mbili, kwa vidole viwili, mimi nimesimama. "Bon," akasema alipomaliza. "Saba, munane, inatosha. Science haiombe sherehe." Kisha akatoa fomu yangu kwenye faili. Nilidhani anaichana. Aliigeuza, na chini, mahali pa maoni ya mkubwa wa kazi, akaongeza mstari kwa mkono wake. Akanisomea, ili nisikie mwenyewe: "D'une honnêteté rare." Mtu wa ukweli usioonekana mara nyingi. Akasema: "Wasaidizi wangu bengine bangenyamaza, mama. Weye ulisema."

Mkuu wa kitivo alitia sahihi saa nane. Makala ikaenda uwanja wa ndege jioni.

Nilipata matricule mwezi uliofuata. Kambo alituma habari Kilwa, na yule mfanyabiashara wa samaki, nasikia, alioa mwanamke wa huko huko na wakapatana. Kuanzia wiki ile nilifua vitambaa mimi mwenyewe kwenye pipa la maabara, na kambo nilimwambia kwamba chuo kimeleta maji. Aliudhika kidogo, kisha akasahau. Lakini vishungi vya madume vilikuwa vimekwisha kulala, na msimu uliofuata ghala lile lilibomolewa, mabati yakagawanywa. Hatukupata tena popo wengi mahali pamoja. Sikupewa nafasi ya kujua. Mpaka leo, kama mtu akiniuliza jike la popo hufuata nini, sina jibu, na mimi ndiye niliyenusa.

Nilifanya kazi pale hadi prof alipostaafu. Kila asubuhi aliniuliza nasikia nini, nami nilimjibu, na kila jibu niliona kama deni. Mara tatu nilifika mlangoni mwake nikiwa na yale maneno mawili. Mara ya mwisho alikuwa mgonjwa, kitandani, nyumbani kwake. Aliniuliza habari za kambo. Nikamwambia hajambo.

Makala ilirudi imechapishwa baada ya mwaka na miezi: nakala tano zenye jalada la kijivu. Moja alinipa. Mwishoni, kwa herufi ndogo, alimshukuru msaidizi wake ambaye bila pua yake kazi isingewezekana. Niliileta nyumbani. Kambo hakujua kusoma Kifaransa, lakini alijua karatasi ya heshima akiiona. Alinawa mikono, akaipokea kwa mikono miwili, akaipapasa.

"Njo kazi yako yote iko umu?"

"Njo yote, kambo."

Akainuka, akaleta tenga, akapuliza makaa. Aliifungua ile makala katikati, akaitandaza kifudifudi juu ya tenga, kurasa zikiwa wazi kama mbawa, akasukuma chetezo chini yake. Aliweka udi mzuri, ule wa mabinti. Sikumzuia. Tulikaa wawili tukitazama moshi ukipita kwenye saba na kwenye nane. Alipotosheka, aliichukua, akanipa.

"Sasa inanukia," akasema. "Sikia."

Nikaileta puani. Nilivuta pumzi hadi kifua kikauma, nikavuta tena. Sikusikia kitu.